Sura ya Sita: Msimamizi wa Madirisha kwa Mashine ya Mtumba

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kwa mwenye steshenari Ngarenaro au Kijenge, hapa Arusha, tarehe hiyo haikuzima kitu. Mashine iliwaka kesho yake kama kawaida, na barua za maombi ya kazi ziliendelea kuchapwa. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: tundu jipya la usalama likigunduliwa ndani ya mfumo ule, mwenye mashine ambaye hakujiandikisha kwa nyongeza ya muda hapelekewi kiraka. Na steshenari ndiyo mahali ambapo flashi za mtaa mzima huingia na kutoka, pamoja na nywila za watu na namba zao za NIDA.

Njia inayoelekezwa na Microsoft ni kuhamia Windows 11. Masharti yake yanajulikana: RAM ya GB 4 kwa uchache, diski ya GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sasa tembea Barabara ya Sokoine ukaulize bei za kompyuta za mtumba. Zile ambazo mwalimu au mwenye duka dogo anazimudu ni Dell OptiPlex, HP Compaq au ThinkCentre, mara nyingi za kizazi cha tatu au cha nne, ambazo zilikwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za watu ng'ambo kabla ya kuingia kwenye kontena. Ni mashine ngumu, zilitengenezwa zidumu. Core i5 ya mwaka 2013 bado inakokotoa vilevile ilivyokokotoa siku ilipotoka kiwandani.

Mafundi wetu wana jibu lao la siku zote, nalo ni kupiga Windows. Zipo namna za kuruka masharti, na mteja huondoka na Windows 11 juu ya mashine ambayo haikukusudiwa. Silipendi jibu hili. Nakala yenyewe mara nyingi haina leseni, na aliyeifungua kufuli hajulikani ni nani wala aliacha nini ndani. Hata ikiwa safi, mfumo wenyewe ni mzito: mashine ya GB 4 inamaliza karibu nusu ya kumbukumbu yake kabla hujafungua hata ukurasa mmoja. Baada ya hapo inaganda, na mteja anaambiwa anunue nyingine.

Sura iliyotangulia ilishughulikia jibu jingine, mfumo wa Linux, kwa ujumla, na namna ya kuandaa flashi ya Debian, toleo lake mojawapo. Hapa nataka tushuke kwenye kipande kimoja tu cha mfumo, kipande ambacho watu wengi hawajui kama kinaweza kuchaguliwa: msimamizi wa madirisha.

Kompyuta inapochora kitu kwenye kioo, kazi hiyo imegawanywa. Katika Linux na ndugu zake, kwa miaka mingi mchoraji mkuu amekuwa X, mfumo ulioanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, ambalo ndilo lililoenea, likatoka 1987. Waliobuni X walifanya uamuzi mmoja wa ajabu. Walikataa kuamua sura ya kompyuta iweje. X inajua kuchora mstari, kupokea mbonyezo wa kitufe na kufuata kipanya, basi. Dirisha likae wapi, liwe na fremu au lisiwe nayo, lipi liwe mbele na lipi nyuma, hayo yote yaliachiwa programu nyingine ya kando. Ndiyo msimamizi wa madirisha. Kazi yake inafanana na ya mgawa vizimba katika soko la Kilombero: yeye hauzi nyanya wala mitumba, ila anasema nani akae wapi na nani asogee. Ukimbadilisha, wauzaji na bidhaa zao wanabaki walewale.

Kwa sababu ya uamuzi ule, walioona msimamizi fulani hawafai waliweza kuandika wa kwao. IceWM ya Marko Maček ilianza 1997. Blackbox ya Bradley Hughes ilianza mwaka huohuo, na kutoka kwake kikatoka kizazi kizima: Fluxbox mwaka 2001, kisha Openbox ya Dana Jansens, ambayo mwaka 2003 iliandikwa upya kabisa. Mwaka 2006 wakatokea watu wa dwm walioweka sharti kwamba programu yao isizidi mistari 2,000 ya msimbo. Wengine, kama i3 ya Michael Stapelberg ya mwaka 2009, kwa kawaida hawaachi madirisha yafunikane. Wanayapanga ubavu kwa ubavu mpaka kioo kijae.

Mifumo mizito inayojulikana, kama GNOME na KDE Plasma, nayo ina wasimamizi wa madirisha ndani yake, ila wamefungwa pamoja na huduma nyingi: kutafuta mafaili, kusawazisha kalenda, vivuli, madirisha yanayoelea na kuyeyuka. Kwenye mashine mpya hayo ni mazuri. Kwenye mashine ya mtumba yanalipiwa na RAM ambayo mtumiaji aliihitaji kwa kazi yake.

Kwa nini nachagua Openbox kuwa mfano wa sura hii? Sababu moja iko Karatu, ndani ya mkoa huuhuu wa Arusha. Mwaka 2006 Mmarekani Janice Lathen alitembelea Shule ya Sekondari Banjika, kisha akaanzisha shirika la Powering Potential, la kupeleka kompyuta zinazotumia umeme wa jua katika shule ambazo nguzo za TANESCO hazijafika. Baadaye shirika hilo liligeukia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012, inayotosha kiganjani na kula wati chache mno ukiilinganisha na boksi la ofisini. Ndani yake waliweka RACHEL, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Eneokazi la Raspberry Pi la miaka ile lilijengwa juu ya LXDE, na msimamizi wa madirisha wa LXDE ni Openbox. Kwa hiyo Openbox si kitu cha kujaribiwa Arusha kwa mara ya kwanza leo.

Hesabu ya wati haina mchezo katika nchi yetu. Anayeishi upande wa kusini wa Mlima Meru anajua Juni hadi Agosti zilivyo: wingu linashuka hadi Sakina na Ngaramtoni, baridi inakaa siku nzima, na paneli ya sola iliyojaza betri mwezi Februari haiijazi tena. Boksi la mezani la zamani na kioo chake hula makumi ya wati hata likiwa limekaa bure, na likibanwa na kazi hupanda zaidi. Programu nyepesi haiwezi kuligeuza kuwa Raspberry Pi. Inachofanya ni kuiachia prosesa ipumzike pale ambapo hakuna kazi, badala ya kuzunguka kwa ajili ya huduma ambazo hakuna aliyeziomba.

Kabla ya kugusa programu, fungua boksi. Vumbi letu ni la mlima wa volkano, laini kama unga, nalo hujaza feni na mapezi ya kupoozea hadi prosesa ijipunguzie kasi yenyewe isiungue. Lipulize nje, si ndani ya chumba cha kompyuta. Kisha, kama kuna fedha kidogo, itoe diski ya kuzunguka uweke SSD ya GB 120. Nasema hivi nikijua sura hii inahusu kitu kingine: kwa mashine ya mwaka 2013, hakuna badiliko la programu litakaloonekana kwa macho kama SSD. Msimamizi mwepesi anafuata baada ya hapo, na faida yake kubwa iko kwenye RAM.

Sasa kazi yenyewe. Washa mashine kwa flashi ya Debian. Kisakinishi kitakuuliza nywila ya root. Iache wazi, nacho kitampa mtumiaji wa kwanza uwezo wa sudo, jambo linalopunguza usumbufu baadaye. Kikifika kwenye orodha ya mazingira ya kuchagua, ondoa alama zote za maeneokazi na ubakize zana za kawaida za mfumo peke yake. Mashine itawaka na kioo cheusi chenye maandishi. Wengi hapa huogopa, wakidhani wameharibu. Hujaharibu. Umefika kwenye msingi, na kuanzia sasa kila kitakachoongezwa kitakuwa kimeongezwa na wewe. Ingia, uandike:

sudo apt install --no-install-recommends xorg openbox tint2 pcmanfm lxterminal feh

Hapo umeleta X, Openbox, upau wa kazi uitwao tint2, programu ya kutazama makabrasha, terminali, na feh ya kuweka picha ya nyuma. Maneno yale ya katikati yanamkataza apt, msakinishaji wa programu, asibebe mizigo ya ziada ambayo hupendekezwa lakini si ya lazima. Kwa anayelipia bando, ni maneno ya thamani. Kama ni maabara yenye mashine nyingi, sakinisha kwanza apt-cacher-ng kwenye mashine moja ili vifurushi vipakuliwe mara moja tu, na nyingine zichukue kwake kwa waya wa ndani.

Kisha andika mstari mmoja, exec openbox-session, ndani ya faili la .xinitrc kwenye kabrasha lako la nyumbani, na uamuru startx. Kioo kitakuwa cha kijivu, kitupu kabisa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu itatokea. Ukipima kwa amri ya free -m utakuta mfumo wote unatumia MB mia chache tu, kwenye mashine ileile ambayo zamani ilimaliza GB 2 ikiwa haifanyi kitu.

Utupu huo ndio mwanzo wa usanidi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Openbox haina dirisha kubwa la mipangilio lenye vibonye. Ina mafaili ya maandishi ya kawaida. Yanakili kwako:

mkdir -p ~/.config/openbox
cp /etc/xdg/openbox/* ~/.config/openbox/

La kwanza, autostart, linaorodhesha vitu vya kuwashwa mara unapoingia. Andika tint2 & kwenye mstari mmoja, na kwenye mwingine feh --bg-fill ikifuatwa na mahali picha ilipo, nayo imalizie kwa alama ileile ya &. Bila alama hiyo, programu isiyojifunga yenyewe inawazuia wenzake walioko chini yake wasiwake. La pili, rc.xml, ni la vitufe, fremu na tabia za madirisha. Humo W maana yake ni kitufe chenye nembo ya Windows, C ni Ctrl, A ni Alt na S ni Shift. Kwa hiyo W-b ukiifunga na kivinjari, mtu wa steshenari anakifungua bila kushika kipanya. La tatu ni menu.xml:

<menu id="root-menu" label="Menyu">
  <item label="Andika barua">
    <action name="Execute"><command>libreoffice --writer</command></action>
  </item>
  <item label="Piga hesabu">
    <action name="Execute"><command>libreoffice --calc</command></action>
  </item>
  <item label="Ingia mtandaoni">
    <action name="Execute"><command>firefox-esr</command></action>
  </item>
</menu>

Mistari hii ni ya kuwekwa mahali pa menyu ya aina hiyo iliyomo tayari kwenye faili, na programu zenyewe, LibreOffice na Firefox, zisakinishwe kwa apt kama zilivyosakinishwa nyingine. Hifadhi, kisha amuru openbox --reconfigure. Bofya kulia, na menyu inakuambia: Andika barua, Piga hesabu, Ingia mtandaoni.

Tumekuwa tukisubiri kompyuta ya Kiswahili muda mrefu, na waliofanya kazi ya kuileta wanastahili heshima. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004: programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, pamoja na istilahi zake zilizokaliwa vikao na kujadiliwa. Ni kazi kubwa ya kitaaluma, na kutafsiri maelfu ya sentensi za programu moja kunahitaji chuo, fedha na miaka. Menyu ya Openbox haihitaji hayo. Inahitaji mtu mmoja anayejua wateja au wanafunzi wake wanaitaje kazi wanazozifanya. Shule ya Usa River inaweza kuandika "Mitihani iliyopita" na kuielekeza kwenye kabrasha la mitihani. Duka la vipuri Unga Limited linaweza kuandika "Daftari la madeni". Babu wa Akheri anayetaka kusoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti anaweza kuwekewa Kiwix kwa jina lolote analolielewa, na akipenda kwa Kimeru, iwe Kimeru. Hakuna kamati ya kuidhinisha.

Nakuongezea jambo moja ambalo sijaona kwenye kompyuta ya dukani: saa inayosoma kama tunavyosema. Kwenye faili la tint2rc, lililoko ndani ya ~/.config/tint2/, weka mistari hii:

time1_format = %I:%M
time1_timezone = :Etc/GMT+3

Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa za dunia kwa saa tatu. Hiyo Etc/GMT+3, ingawa ina alama ya kujumlisha, maana yake ni nyuma kwa saa tatu. Ndivyo majina hayo yalivyopangwa. Tofauti ni saa sita kamili. Saa 13:00 ya simu itasomeka 07:00 kwenye upau, saa saba mchana, kama anavyoisema kila mtu kuanzia Sanawari mpaka Tengeru. Saa halisi ya mfumo haiguswi. Barua pepe na mafaili yanaendelea kubeba muda sahihi. Mwanafunzi wa darasa la tatu anayefundishwa kusoma saa hahitaji tena kujumlisha na kutoa akilini mbele ya kompyuta.

Niseme sasa yale ambayo Openbox haiwezi. Haipunguzi uzito wa kivinjari. Kurasa za leo ni nzito, na Firefox yenye kurasa sita itachukua GB 1 au zaidi uwe na msimamizi yeyote. Kwa mashine ya GB 2, sakinisha zram-tools na uweke PERCENT=50 kwenye faili la /etc/default/zramswap; sehemu ya RAM itatumika kubana data ambayo ingeandikwa kwenye diski, na kuganda kunapungua. Chini ya GB 2 nashauri kivinjari kisiwe kazi kuu ya mashine hiyo. Iwe ya kuandika, ya hesabu, ya Kiwix.

Printa ni jambo la pili, na kwa steshenari ndiyo mkate. Nyingi za HP zinafanya kazi vizuri kupitia CUPS na hplip, programu za kuendesha printa kwenye Linux. Baadhi ya printa za leza za chapa nyingine zinasumbua. Usifute Windows kabla ya kuwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi na kutoa karatasi halisi, pande zote mbili, na kuskani cheti kimoja. Kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows tu, mashine hiyo moja ibaki ilivyo, bila kufungua barua pepe wala flashi za wateja, na zile nyingine zihame.

Na zipo mashine zilizozeeka kupita hizi, kama nyingi za Pentium 4, zenye prosesa za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi kwa ajili yao. Toleo la 12 bado linazihudumia, na vilevile antiX, mfumo uliojengwa juu ya Debian wenye IceWM tayari ndani yake. IceWM ina upau wake yenyewe na kitufe cha kuanzia kule chini kushoto. Kwa mtu aliyezoea Windows XP, haina cha kumshangaza.

Swali la mwisho ambalo fundi makini atauliza: je, X yenyewe haizeeki? Inazeeka, na nafasi yake inachukuliwa polepole na Wayland, ambayo imeunganisha uchoraji na usimamizi wa madirisha katika programu moja. Raspberry Pi walianza kuhamia Wayland Oktoba 2023, na Oktoba 2024 wakafanya labwc kuwa msimamizi wa kawaida wa kompyuta zao. Labwc iliandikwa kwa kufuata Openbox, na inasoma rc.xml na menu.xml zenye muundo uleule, kutoka kabrasha la ~/.config/labwc/. Baadhi ya vipengele havifanani, na tint2, ambayo ni ya X, utahitaji kuibadilisha na upau mwingine, lakini menyu uliyoiandika kwa Kiswahili inahama nawe.

Kwa maabara ya shule, usirudie kazi hii mashine kwa mashine. Ikishakamilika kwenye moja, ikae wiki nzima mikononi mwa wanafunzi, usikilize wanachotafuta na kukikosa, urekebishe majina kwenye menyu. Kisha funga makabrasha mawili kwa amri moja:

tar czf menyu.tar.gz -C ~ .config/openbox .config/tint2

Faili litakalotoka ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kwenye kila mashine iliyobaki, baada ya apt kumaliza, chomeka flashi, fungua faili hilo ndani ya kabrasha la nyumbani la mwanafunzi, weka .xinitrc, na umwachie mwalimu wa TEHAMA nakala yenye jina la shule na mwaka, ili atakayefuata baada yake ajue pa kuanzia kuhariri.